Upande wa Chini ni Upi? Uhakiki wa Maelekezo ya Kiswahili ya Kuhudumia Kiyoyozi cha Gari

Yapo maelekezo ya kurasa nne, yaliyopigwa chapa kwa Kiswahili, yanayopita mikononi mwa madereva na mafundi wa Wilaya ya Ngorongoro. Kichwa chake kinaahidi kumfundisha mwenye gari namna ya kuhudumia kiyoyozi chake mwenyewe nyumbani. Hayana jina la mfasiri wala la mchapaji, na kila aya yake inashuhudia kwamba asili yake ni Kiingereza. Nakala tuliyoisoma ilitoka Enguserosambu, kata ya Tarafa ya Loliondo iliyo karibu na mpaka wa Kenya, mahali ambapo maelekezo ya namna hii hayasomwi kwa kupitisha wakati. Fundi aliyesomea viyoyozi hutafutwa Arusha, na safari ya Arusha kwa njia ya Mto wa Mbu yaweza kumaliza siku nzima. Basi mwenye gari hununua kopo la gesi na mpira wake mjini, hurudi navyo nyumbani, hufungua boneti, huiweka karatasi juu ya betri, na kuanza kutenda neno kwa neno kama alivyoambiwa.

Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akauliza kiyoyozi chatakiwa nini katika nyanda za juu zilizo yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi watu huvaa makoti. Jibu ni vumbi na ukungu. Kiangazi hapana awezaye kuendesha gari katika njia za Loliondo huku madirisha yakiwa wazi. Vumbi hilo wanalikumbuka wote waliokwenda Samunge mwaka 2011 kutafuta kikombe cha Babu. Masika, pumzi za abiria hufunga ukungu kwenye kioo cha mbele, na kiyoyozi ndicho kiuondoacho, kwa kuwa hewa ipitayo katika sehemu yake ya baridi huacha unyevu wake hapo na kutoka ikiwa kavu. Kwa dereva wa milimani kiyoyozi si anasa, bali ni chombo cha kumwezesha kuona njia.

Jina lenyewe, kiyoyozi, hatuna ugomvi nalo. Limo katika kamusi, limo katika magazeti ya pande zote mbili za mpaka, na limekubalika kuliko maneno mengi ya rika lake. Lakini neno likubalikapo, hatari nyingine huzaliwa: mfasiri hudhani kwamba kazi imekwisha. Jina la chombo ni sehemu ndogo ya maelekezo ya chombo. Yaliyobaki ni vitenzi, vivumishi na vielezi, maneno ya kila siku ambayo hakuna kikao kilichoyajadili wala orodha iliyoyachapa. Na humo, si katika majina, ndimo yalimo makosa makubwa ya kurasa hizi nne.

Tuanze na lililo zito kuliko yote. Maelekezo yanasema kwamba mpira wa kopo uungwe katika “upande wa chini” wa mfumo, na yanaonya kwamba usiungwe kamwe katika “upande wa juu”. Msomaji mwenye akili timamu, akiisha kusoma hayo, atainama atazame chini ya gari.

Mfumo wa kiyoyozi una nusu mbili. Kompresa huivuta gesi ikiwa na kanieneo ndogo, huikandamiza, na kuitoa ikiwa moto na yenye kanieneo kubwa. Gesi hiyo huenda mbele ya rejeta, ndani ya kondensa, ambako upepo huipunguzia joto hata ikawa kioevu. Kioevu hicho hupita katika tundu jembamba, kanieneo hushuka ghafla, nacho hugeuka tena kuwa mvuke ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi. Katika kugeuka huko hunyonya joto la hewa ya ndani ya gari, kisha hurudi kwenye kompresa. Kutoka kompresa hadi kwenye tundu ni nusu ya kanieneo kubwa. Kutoka kwenye tundu hadi kompresa ni nusu ya kanieneo ndogo. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kilicho chini na kwa kiasi kilicho kidogo, na neno jingine moja kwa kitu kilicho juu na kwa kiasi kilicho kikubwa. Kiswahili hakifanyi hivyo kila mara. Twaweza kusema bei imepanda na bei iko juu, lakini kiungio kilicho “upande wa juu” wa mashine ni kile kilicho juu, basi. Na katika magari mengi bomba la kanieneo kubwa hupita chini ya lile la kanieneo ndogo, au sambamba nalo, kadiri nafasi ilivyopatikana.

Lipi huharibika? Injini ikiwa inawaka, upande wa kanieneo ndogo huwa na kilopaskali 200 hadi 300 tu. Upande wa pili waweza kupita kilopaskali 1,500, yaani mara 15 ya kanieneo ya hewa ituzungukayo. Kopo la bati likiungwa hapo halitatoa gesi kuingia kwenye gari. Gari ndilo litakaloisukuma gesi irudi kwenye kopo, na kopo litapasuka mkononi mwa mtu aliyeinamisha uso. Waliobuni viungio walilifahamu jambo hilo. Viungio vya magari yanayotumia gesi iitwayo R-134a vilifanywa kwa vipimo viwili, milimita 13 kwa kanieneo ndogo na milimita 16 kwa kanieneo kubwa, ili asiyejua kusoma asiweze kukosea. Lakini viunganishi vya kubadilisha kipimo vinauzwa madukani, na mtu aliyeambiwa na karatasi kwamba kiungio chake ni kile cha chini, akiona mpira haumkubali, atatafuta kiunganishi. Mhandisi aliweka ulinzi, mfasiri akauondoa.

Kuirekebisha sentensi hiyo hakuhitaji istilahi mpya hata moja. Yatosha kuandikwa: “Unga mpira kwenye bomba nene, lile linalokuwa la baridi kiyoyozi kikifanya kazi, kifuniko cha kiungio chake aghalabu kina herufi L. Usiunge kamwe kwenye bomba jembamba, lile linalokuwa la moto, ambalo kifuniko chake kina herufi H.” Herufi hizo hatuna budi kuziacha kama zilivyo, maana zimechongwa kwenye plastiki na hakuna tafsiri itakayozifuta. Mfasiri anayeogopa kuacha alama ya kigeni katika ukurasa wake safi wa Kiswahili anaitumikia sura ya ukurasa, wala si msomaji.

Hapo lazuka swali la kanieneo na presha. Wanafunzi wa fizikia hufundishwa kanieneo, nalo ni neno zuri kwa kuwa linajieleza: kani juu ya eneo. Lakini fundi husema presha, na dereva husema upepo akinena habari za tairi. Maelekezo tunayoyahakiki yanatumia yote matatu, na “msukumo” pia, pasipo utaratibu, hata msomaji akadhani anaelezwa mambo manne. Maoni yetu ni kwamba katika karatasi ya fundi litumike presha tangu mwanzo hadi mwisho, na kanieneo ibaki katika kitabu cha shule na katika makala kama haya. Lakini liandikwe presha kubwa na presha ndogo. Tukiandika “presha ya juu”, nusu ya wasomaji watamkumbuka mgonjwa waliyemwacha nyumbani.

Sasa gesi. Neno hili ni fupi, limekubalika, na ni la hatari. Maelekezo yanasema “jaza gesi” mara nyingi, wala hayasemi hata mara moja kwamba gesi hiyo si ile ya jikoni. Msomaji wa mjini ataona onyo hilo kuwa ni mzaha. Siyo mzaha. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na propani hupoza kweli. Mafundi wa majokofu huijua kwa jina la R-290. Mtu akiijaza katika gari lake, hewa itatoka baridi, naye atatangaza kwa jirani kwamba amegundua njia ya bei nafuu. Hatari itakuja siku evaporeta itakapovuja, maana gesi itakusanyika ndani ya gari lililofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi, ikingojea cheche moja ya umeme au kiberiti cha abiria. Kwa hiyo neno gesi peke yake halitoshi. Twahitaji jina la kitu kinachozunguka ndani ya mfumo na kubeba joto, liwe gesi au kioevu, kwa kuwa kwa hakika huwa vyote viwili kwa zamu. Sisi twapendekeza kipozaji, kwa kufuata mfano wa kisemaji na kisomaji: kitendacho kazi ya kupoza.

Mfasiri wetu, kwa upande wake, alichagua “kipozeo”. Lisingekuwa baya, kama si kwamba katika ukurasa wa tatu analitumia neno hilohilo kwa maji ya rangi yatiwayo katika rejeta ili kupoza injini. Yawezekana hakuona tofauti. Moja huuzwa katika kopo lililofungwa na hujazwa kwa mpira. Jingine huuzwa katika galoni na humiminwa kwa mkono. Fundi hatayachanganya, kwa kuwa fundi huita la pili kulanti. Atakayechanganya ni yule ambaye karatasi iliandikwa kwa ajili yake, mtu wa nyumbani anayefanya kazi hii mara ya kwanza. Atasoma kwamba kipozeo kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, hatajua ni kifuniko kipi anachokatazwa.

Kuhusu kiasi cha kujaza, twakutana na jambo ambalo mfasiri wa neno kwa neno hawezi kuliona, kwa kuwa halimo katika maneno. Maelekezo yanasema injini ikiwa imezimwa, geji isome ratili 95 kwa kila inchi ya mraba. Ikisoma pungufu, “mfumo una njaa”. Tafsiri hiyo ya mwisho ni ya kuchekesha, lakini tuiache. Namba hiyo yatoka mahali pa joto. R-134a iliyotulia, ikiwa bado ina kioevu kidogo ndani yake, hutoa presha inayotegemea joto tu, wala si wingi wake. Nyuzi 30 za Selsiasi zikiwapo, geji itasoma karibu na hiyo 95. Nyuzi zikiwa 15, kama ilivyo asubuhi nyingi za Enguserosambu, geji ileile, kwenye gari lilelile lililojaa sawasawa, itasoma chini ya 60. Mwenye gari ataongeza kopo zima juu ya mfumo uliojaa. Kompresa italemewa, na huenda ikafa. Na bei ya kompresa mtu wa kijijini huilipa kwa kuuza ng'ombe. Maandishi sahihi hayamwambii msomaji atazame presha, bali humwambia atafute kibandiko kilicho chini ya boneti, asome gramu zilizoandikwa hapo, aitoe gesi ya zamani kwa njia iliyo halali, kisha apime kopo kwa mizani. Kazi hiyo haifanyiki vema nyumbani, na uaminifu wa mfasiri ungemtaka aseme hivyo.

Kosa la jamii hiyohiyo liko katika sehemu ya ombwe. Kabla ya kujazwa, mfumo uliofunguliwa hauna budi kunyonywa hewa yote kwa pampu, ili maji yaliyomo yachemke na kutoka, maana maji hugandia ndani ya tundu jembamba na kuchafua mafuta ya kompresa. Mfasiri ameandika ombwe. Hilo ni zuri, na twampongeza. Halafu ameandika kwamba pampu iendeshwe mpaka geji ionyeshe inchi 29.9 za zebaki. Hizo ndizo inchi za pwani. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje, na katika mita 2,000 hewa ya nje yenyewe haina zaidi ya inchi 23 na nusu. Hata ombwe kamili, ambalo hakuna pampu iwezayo kulifanya, halitaonyesha 29.9 Enguserosambu. Fundi mwaminifu atakayeitii karatasi ataendesha pampu hadi usiku, kisha ataamini kwamba kuna uvujaji, na kuanza kufungua viungio vizima akitafuta tundu lisilokuwapo. Je, ni wajibu wa mfasiri kulijua hilo? Wapo watakaosema kwamba mfasiri hatakiwi kuongeza asichokikuta. Sisi twaona kwamba anayetafsiri maelekezo ya kazi hutafsiri kazi, na kwamba namba ni neno kama maneno mengine. Ina maana mahali fulani na haina maana mahali pengine. Asipojua, aulize. Shule za sekondari za wilaya hiyo zina walimu wa fizikia ambao wangemjibu kwa nusu saa.

Tugeukie vitenzi. “Fungua kiyoyozi kwa dakika kumi”, yasema karatasi. Kiswahili hufungua redio kwa kuiwasha, na hufungua injini kwa kuitenganisha kwa spana. Kadhalika, mtu wa mjini akisema amefunga kiyoyozi, pengine amekizima na pengine ameajiri fundi akakipachika ukutani. Katika mazungumzo hapana hasara, kwa sababu macho na mikono husaidia. Katika maandishi juu ya mfumo uliojaa gesi yenye presha, hasara ipo. Karatasi hii inayo sentensi iagizayo kwamba kiyoyozi kifungwe kabla ya mpira kuondolewa. Tuliisoma mara tatu, na bado twaweza kuitetea kwa maana mbili. Desturi nzuri, ambayo walimu wa ufundi wangeweza kuisimamia tangu darasani, ni kuacha kufunga na kufungua kuwe kwa parafujo, vifuniko na vali tu, na kwa umeme kutumia kuwasha na kuzima.

“Pasha kopo moto ikiwa gesi haitoki upesi.” Sentensi hiyo ni Kiswahili safi. Hatukuona kosa la ngeli wala la upatanisho. Nayo ndiyo iliyotutisha kuliko zote baada ya ile ya upande wa chini. Ni kweli kwamba kopo baridi hutoa gesi polepole, na mahali pa baridi kama Loliondo hilo litatokea kila asubuhi. Maandishi ya asili, hatuna shaka, yalikusudia uvuguvugu. Lakini sisi hupasha chakula moto juu ya jiko, na kitenzi chetu kimeubeba moto wenyewe ndani yake. Mama wa nyumbani akiambiwa apashe maziwa moto hatayatia katika beseni la maji, atayateleka. Kopo lililofungwa likiwekwa jikoni hupasuka. Yafaa iandikwe: “Litumbukize kopo katika maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako waweza kuyavumilia. Usilikaribishe jikoni wala kwenye moto wowote.”

Maonyo mengine yamekosa nguvu kwa sababu ya mpangilio wake. Kiingereza huvumilia sentensi itajayo tendo kwanza na katazo mwishoni. Msomaji anayefuata kwa mikono huwa ameshatenda kabla ya kufika kwenye katazo. Aidha, mfasiri amependa mno kauli ya kutendwa: “uangalifu uchukuliwe”, “uhakika ufanywe”, “miwani ya kinga ishauriwe kuvaliwa”. Nani ashauriwe, miwani? Na juu ya gesi inayorukia ngozi, karatasi inasema tu kwamba “yaweza kuleta baridi”. R-134a iliyotoka hewani huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikigusa jicho, yaweza kulipofusha. Ikigusa kidole, hukiunguza kama moto unavyounguza. Kiswahili kinao msemo wa baridi kuunguza, na kila aliyeshika barafu anaufahamu. Kwa nini usitumike?

Watumishi wa serikali tungependa wasome kwa makini zaidi sehemu ifuatayo, kwa maana hapa karatasi inamfundisha raia kuvunja sheria pasipo yeye kujua. Yasema: “Toa gesi ya zamani yote.” Itoe wapi, uipeleke wapi? Kwa Kiswahili, kutoa ni kuondoa kitu kilimo. Kuiachia gesi angani ni kuitoa, na kuivuta kwa mashine hadi ndani ya mtungi ni kuitoa vilevile. Mtu aliye nyumbani bila mashine atabonyeza vali kwa bisibisi na kuisikiliza ikipiga mluzi.

Mambo haya yana historia. Magari ya zamani yalitumia R-12, kemikali iliyogunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Vienna ulifanywa mwaka 1985, Itifaki ya Montreal mwaka 1987, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi zilizoendelea ziliacha kutengeneza R-12 katikati ya miaka ya 1990, na zile zinazoendelea zikafuata ifikapo mwaka 2010. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini ni gesijoto kali: kilo moja yake, kwa kipimo cha miaka 100, hupasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yaliongeza gesi za aina hiyo katika orodha ya zile za kupunguzwa. Hapa nchini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2007 ndizo zilizoweka msingi wa kudhibiti kemikali za namna hii.

Nyaraka za Itifaki hutofautisha matendo matatu: kuivuta gesi kutoka katika mashine na kuihifadhi, kuisafisha kwa kuichuja ili itumike tena, na kuitengeneza upya kiwandani hata ifikie ubora wa gesi mpya. Katika nyaraka za Kiswahili tulizopata kuzisoma, yote matatu huweza kukutwa chini ya neno kurejesha. Mtu mwenye wajibu wa kukagua karakana atakagua nini, ikiwa neno moja laruhusu matatu? Twapendekeza kukusanya kwa tendo la kwanza, kuchuja kwa la pili, na kwa la tatu kusanifisha, kwa vile lengo lake ni kuirudisha gesi katika kiwango sanifu. Kurejeleza, ambalo limekwisha zoeleka kwa plastiki na karatasi, laweza kuwa jina la jumla la mawili ya mwisho. Na kuiachia gesi hewani kuitwe kuiachia, ili katazo liwe na kitenzi chake chenyewe.

Hatuwezi kumaliza bila kusema neno juu ya majina ya vipuri, kwa kuwa ndiyo ambayo wasomaji wa jarida hili hugombana nayo zaidi. Mfasiri ameandika kikandamizi, kitoneshi na kivukizi. Maneno hayo yamejengwa kwa ustadi, nasi tungeyaweka katika kitabu cha kidato cha tatu bila kusita, kwa sababu yanamwonyesha mwanafunzi kazi ya kila chombo. Lakini mwenye gari wa Enguserosambu atakapotuma mtu Arusha akamnunulie kitoneshi, mtu huyo atarudi mikono mitupu. Dukani kuna kondensa, kompresa, evaporeta, draya, oringi na fenibelti. Kanuni ya baraza, ya kuchota kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za nje, haikukusudiwa kulipinga neno ambalo limekwisha ingia sokoni na kukubali viambishi vyetu. Kompresa mbili zimeharibika: nani hasemi hivyo? Tuna nguvu chache za kubuni. Zitumike kwenye vitenzi na maonyo, ambako soko halikutusaidia na ambako watu huumia.

Jambo jingine lahusu wasomaji wa mahali hapo. Wengi wao nyumbani husema Kimaasai, na Kiswahili ni lugha yao ya shule, ya ofisi na ya gereji. Huyo ni msomaji makini kuliko mwenyeji wa lugha, maana hakisii. Akisoma upande wa chini, huenda upande wa chini. Tafsiri iliyo na utata humwadhibu yeye kwanza.

Twapendekeza basi kamati inayohusika iipokee kipozaji kwa majadiliano, pamoja na kukusanya, kuchuja, kusanifisha na kuachia kwa maana tulizoeleza, na orodha hiyo, kabla ya kuchapwa, ipelekwe kwa mafundi wawili watatu wa Wasso na Loliondo pamoja na sentensi zake za mfano, wala si maneno matupu. Wapewe gari, mpira na karatasi. Aliyeitunga asimame kando bila kusema kitu, aangalie ni bomba lipi watakaloligusa.